Siku Niliyomuuliza Mama Mkwe Maswali

Kabla sijafika kortini, wacha niseme kidogo habari ya Kalasinga mmoja wa Kitale, kwa sababu nikimruka huyo mtu nitajiona kama nimeiba.

Kalasinga huyu alikuwa na gereji ya kutengeneza visiagi, zile mashine za kusaga mahindi, upande wa chini wa mji, karibu na pale reli ilipoishia. Mimi nilitoka kwetu Kimilili nikiwa nimemaliza darasa la nne na sina mpango wowote na la tano. Nikamwomba kazi, akanipa ufagio. Nilifagia vumbi la chuma mwaka mzima. Hilo vumbi lilikuwa linaingia kwa chai, linaingia kwa ugali, mpaka leo nikinywa chai bila ladha ya chuma naona kama mtu amenipunja.

Siku moja ililetwa injini kutoka mahali panapoitwa Kwanza, imefungwa kamba juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa inakohoa. Mafundi wawili walikuwa wameshaishindwa huko ilikotoka. Kalasinga akasema iwashwe, ikawashwa, moshi ukajaa gereji yote. Halafu akafanya kitu nilichodhani ni wazimu. Aliipa injini mgongo. Alisimama akiangalia ukuta, mikono nyuma, macho amefumba, na kilemba chake cheupe kimeanza kushika masizi. Akakaa hivyo mpaka sisi tukaanza kuangaliana. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Hii beringi ya nyuma nakufa."

Tukafungua. Beringi ya nyuma ilikuwa imekufa.

"Bwana mkubwa," nikamuuliza, "umejuaje na hata hukuangalia?"

"Macho nadanganya," akasema. "Wewe naona moshi, nafikiri moshi. Naona mafuta, nafikiri mafuta. Geuza mgongo, bana. Sikio hapana jua kudanganya."

Nilikaa kwake miaka saba. Alinifundisha kila kitu ninachojua, isipokuwa kuoa, hiyo nilijifunza Saboti. Siku ya kuondoka alinipa spana ya kumi na saba, akasema nikiipoteza nisirudi kumsalimia. Iko hapa mezani nikiandika, imekalia karatasi zisipeperuke. Yeye alishakufa, na gereji siku hizi ni duka la kuuza simu. Vijana wa hapo nikiwaambia pale penye kaunta palikuwa na shimo la kushukia chini ya injini, wananiambia, "Sawa, guka," yaani babu, halafu wanaendelea na simu zao.

Sasa Saboti. Nilipelekwa huko kutengeneza kisiagi cha mzee mmoja mkulima, mtu mrefu, mpole, aliyepata shamba lake wakati wazungu walipoondoka na mashamba yakakatwa. Nilikwenda kwa kazi ya siku mbili. Kazi ikachukua siku tisa, na sitaki kudanganya, injini ilikuwa imepona siku ya pili. Ni vile mzee alikuwa na binti aliyekuwa ananiletea uji. Alikuwa akiweka kikombe juu ya gunia, anasema, "Fundi, hii mashine yako ni mgonjwa kweli, ama ni wewe?"

Ndivyo nilivyooa.

Na nikishaoa ndipo mambo ya mama mkwe yakaanza, na hapa lazima nieleze vizuri, maana wajukuu wangu wanasalimiana na mama wakwe zao kwa mkono, wanapiga picha pamoja wakicheka, na mimi nikiona nasikia baridi mgongoni. Kwetu sisi, wakati wangu, mwanamume na mama mkwe hawaonani uso. Hamkai chumba kimoja. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi anachuchumaa mpaka mwenzake apite. Na si kwamba mnachukiana. Ni heshima. Mimi yule mama nilimpenda. Nilikula chakula chake miaka zaidi ya thelathini, najua mkono wake wa chumvi kuliko ninavyojua wangu, lakini ungeniambia nimtambue sokoni nisingeweza, isipokuwa kwa mwendo. Alikuwa na mwendo wa kuburuta mguu wa kushoto kidogo, na baadaye fimbo. Nikisikia ule mguu, mimi tayari niko kwa mahindi.

Mtu anayeoa mbali hasumbuki sana na hayo. Taabu yangu ni kwamba nilihamia karibu. Najua, mwanamume kujenga kwa wakwe ni kitu cha kuchekwa, na kwetu Kimilili walinicheka hadi wakachoka. Lakini kisiagi kilikuwa kimenishika, na mke alikuwa amenishika, na mzee mwenyewe akaniambia, "Kijana, wewe huwezi kuwa unatoka Kimilili kila mara mashine ikikohoa. Leta ng'ombe wawili, nikukatie ekari mbili hapa kando ya barabara, iwe yako, usiwe mgeni." Hao ng'ombe mbali na wa mahari. Mahari nilikuwa nimeshatoa. Nikaleta fahali na mtamba kwa miguu, kutoka kwetu mpaka Saboti, na yule mtamba alikaa chini mara nne njiani kama mwanamke aliyekataa ndoa.

Mzee akaandika karatasi, ukurasa wa daftari la shule, tukatia vidole. Halafu tukapanda mpaka. Huku kwetu mpaka wa kweli si karatasi, ni mti. Tulipanda siala, mstari mmoja kutoka barabarani hadi kwenye kijito, mimi na mzee, siku ya mvua nyembamba. Miche ilikuwa imewekwa mwanzo wa mstari, imefungwa kwa majani ya ndizi, mibichi, na maji bado yanadondoka. Sikuuliza imefikaje hapo. Karatasi niliifunga kwa nailoni nikaichomeka darini, na mchwa wakaila, nailoni wakaiacha. Siala zikakua. Leo hii mtu mzima hawezi kuzikumbatia.

Kuna mtu mmoja sijamtaja bado, na ndiye mwenye hadithi. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Tulikuwa rika moja. Huyu ndiye tuliyefungua naye kisiagi kila asubuhi, yeye anavuta mkanda, mimi nawasha, na wakati mahindi yanashuka tunatukanana kwa sauti ya juu kwa sababu ya kelele. Wateja walikuwa wanakuja mapema wasikie matusi.

"Shemeji, leo umeoga?"

"Nimeoga, ni hewa ya kwenu Kimilili inanifuata!"

Na ndiye aliyekuwa mdomo kati yangu na mama yake. Mama akitaka kusema na mimi, anamwambia yeye. "Mwambie mkwe wetu unga wa jana ulikuwa mzito." Naye anakuja ananiambia, na anaongeza yake, "Mama anasema unga wako ni kama kokoto na wewe mwenyewe ni kama kokoto." Mimi najua la pili ni lake. Namrudishia, "Mwambie mama nimesikia, nitakaza mawe." Anakwenda. Sijui alikuwa anaongeza nini upande wa pili. Miaka yote hiyo, kama nilikuwa na wakili, basi ni yeye.

Mzee akafa. Mke wangu naye akafa, miaka kadhaa baadaye, ugonjwa wa kifua, na nikamzika pale kwenye ekari mbili, mguuni mwa siala ya tatu ukihesabu kutoka kijitoni, mahali alipokuwa anapenda kuanika mtama. Shemeji ndiye alishika jembe la kwanza. Nakumbuka aliposhuka shimoni kusawazisha chini, akaniambia, "Hapa pamekaa vizuri. Hapana mawe."

Halafu barabara ikatiwa lami.

Lami ni kitu kizuri, sitaki kuikosea. Lakini ilipofika, alikuja mtu wa kutaka kununua mahali pa kujenga kituo cha petroli na nyumba za kupangisha, na alitaka ule upande wote wa barabarani, pamoja na ekari zangu mbili, ama hanunui kabisa. Shemeji alikuwa amefuata mambo ya urithi wa baba yake, na hati ya shamba lote ikatoka kwa jina lake, kwa sababu mzee hakuwahi kunikatia yangu serikalini. Akaniambia tuuze, atatafuta shamba kubwa kule Kwanza, atanipa kipande huko. Nikamwambia, "Na dada yako?"

Akasema, "Tutamhamisha kwa heshima. Tutachinja."

Nikasema hapana. Akasema basi. Hatukupigana. Kesho yake hakuja kuvuta mkanda, na baada ya wiki chache nikaletewa karatasi za korti ya Kitale, zinasema mimi ni mvamizi, kwamba marehemu mzee alinikaribisha tu, kwamba ng'ombe niliowaleta walikuwa wa mahari, niondoke na nitoe "kila kilichomo." Kila kilichomo. Nililisoma hilo neno mara nyingi. Kilichomo ni mke wangu.

Nikaenda Bungoma kutafuta wakili, kwa kuwa huko nina watu. Wakili nilimpata, ofisi ina kapeti, akanisikiliza vizuri, halafu akataja bei yake, nikamshukuru nikashuka ngazi polepole kama mtu aliyebeba mayai. Chini ya hizo ngazi, kwenye veranda ya duka la nguo la Mhindi, alikuwa amekaa mzee na mashine ya kupiga chapa, anawaandikia watu barua. Aliwahi kuwa karani wa korti mpaka akastaafu. Akaniona uso.

"Umetajiwa bei?" akaniuliza.

"Nimetajiwa."

"Kaa. Jisimamie mwenyewe, si dhambi. Sema nikuandikie jibu."

Nikaanza kusema. Nikaanza na Kalasinga. Alipiga chapa mistari miwili akasimamisha vidole. "Mzee mwenzangu," akasema, "hii hadithi ni tamu, lakini iache nyumbani na mbwa. Korti inataka kitu kimoja kimoja. Ikifika zamu yako ya kuuliza shahidi, usisimulie. Uliza swali fupi, ngoja jibu, uliza lingine. Kama kupanda ngazi. Ukiruka, utaanguka."

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Mtu wa kupenda kusimulia huwa anaelewa baadaye.

Kesi ilitajwa na kutajwa. Korti ni mahali pa kungoja, hilo hawaambii mtu. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la koridoni Kitale na koti langu la harusi, na shemeji anakaa benchi hilo hilo kwa sababu hapakuwa na lingine. Mwanzo tuliacha nafasi ya watu wawili katikati. Kufikia mara ya nne nafasi imekuwa ya mtu mmoja. Mara ya tano alikuja na njugu.

"Shemeji," akasema, anaangalia mbele, "hilo koti bado linafunga?"

"Linafunga. Nimekuja kuoa tena."

"Kwetu wameisha wa kuolewa."

"Basi nitakuoa wewe, na mahari sitoi, utasema ni ya shamba."

Akacheka mpaka njugu ikampalia, nikampiga mgongoni. Wakili wake, kijana mmoja wa mbali, viatu vinang'aa, akatoka mlangoni akatukuta hivyo, akashindwa kuelewa ni nani anamshtaki nani. Ninapokumbuka hiyo asubuhi nasikia vibaya na vizuri pamoja. Njugu zilikuwa na chumvi nyingi. Zilikaangwa na mama yake, nilijua mara moja.

Alipomaliza kucheka akapangusa mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Siku ya kusikizwa, shahidi wangu ni mama." Hakuniangalia.

Nikaelewa. Na nyinyi mnaelewa. Mtu mwenye wakili, wakili ndiye anamuuliza shahidi. Mtu anayejisimamia, ni yeye. Shemeji alijua siwezi kukaa chumba kimoja na mama yake, sembuse kusimama mbele yake nimuulize maneno kama mwizi wa kuku. Nilikula njugu zilizobaki mkononi, kwa kuwa sikujua nizipeleke wapi.

Siku ikafika. Hakimu alikuwa mama kijana, wa umri wa binti yangu wa mwisho, sauti yake ya taratibu. Shemeji alikuwa ameshasema yake. Karani akaita shahidi. Nami nikasikia kwa koridoni fimbo, halafu mguu wa kushoto unaburuta.

Naapa sikuamua. Miguu yangu ilikuwa imefundishwa miaka mingi. Nilijikuta nimetoka kwa mlango wa pembeni, nimevuka ua, nimechuchumaa nyuma ya gari la polisi, na sikuwa hata nimechukua kofia yangu. Askari wa korti akanifuata mbio.

"We mzee! Unatoroka kesi?"

"Sitoroki kesi. Natoroka mama mkwe."

Aliniangalia. Alikuwa mtu wa kwetu, nilimjua kwa uso wake vile ulivyobadilika. "Aisee," akasema, akakuna kichwa. "Aisee, mzee. Hiyo ni ngumu. Lakini usiporudi, hakimu ataendelea bila wewe na utapoteza."

Nikafikiria ile siala ya tatu. Nikasimama.

Nilirudi kinyumenyume. Si mzaha, niliingia kortini na mgongo mbele, askari ananishika kiwiko nisigonge viti, mpaka nikafika mahali pangu, na hapo nikabaki nimeangalia dirisha, mama mkwe yuko kizimbani nyuma yangu. Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Mzee, mbona unaipa mahakama mgongo?"

"Mheshimiwa, si wewe ninayekupa. Nyuma yangu kuna mama mkwe wangu. Sijawahi kumtazama, na leo nikimtazama, hata nikishinda shamba nitaishi nalo vipi?"

Wakili akasimama, akasema hii ni dharau kwa korti, mimi nacheza. Kule nyuma mama mmoja aliyekuja kwa kesi yake akasema kwa nguvu, "Si mchezo, huyo anasema kweli!" Hakimu akamuuliza karani kama kuna desturi hiyo, karani akamweleza. Sikumwona, lakini nilisikia kalamu yake imewekwa chini.

"Na shahidi naye?" akauliza. "Mbona yeye ameangalia ukuta?"

Kumbe mama naye amejifunika leso kichwa kizima na kugeukia ukuta. Korti yote ikacheka, hata mimi nikacheka, na nadhani nilisikia leso nayo ikicheka.

"Simameni mnavyotaka," hakimu akasema. "Mradi sauti zifike. Wakili, endelea."

Wakili akamuuliza. Mama alijibu kwa Kibukusu na karani akageuza kwa Kiswahili. Alimuuliza, siku marehemu mumewe anadaiwa kutoa shamba, je, alikaa kwenye hicho kikao? Mama akasema hapana. Amewahi kukaa na mimi mahali popote nikasema habari ya kununua shamba? Hapana, hajawahi. Aliona nikitia kidole kwa karatasi? Hakuona. Wakili akasema hana zaidi, akakaa, kiti kikalia kwa furaha.

Nami niliyasikia yale majibu nikiwa nimefumba macho. Kila moja lilikuwa la kweli. Angekaaje na mimi? Lakini sauti. Sauti yake nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu miaka yote, anaita kuku, anaimba kanisani upande wa akina mama. Sasa iko mita tatu nyuma yangu. Na nilivyosikia, kila akisema hapana, alikuwa anasimama kidogo mwisho wa neno, kama mtu ambaye ameshika mlango, hajaufunga, anangoja kama kuna mwingine anayekuja.

"Mzee, maswali," hakimu akasema.

Nikaanza. "Mama, wakati ule mimi natoka kwa Kalasinga, kulikuwa na ukame, na injini ya mzee..."

"Mheshimiwa!" Wakili amesimama. "Hilo ni swali?"

"Mzee, hilo ni swali?"

"Linakuja, Mheshimiwa, bado liko njiani."

"Lifike."

Watu wakacheka tena, na mimi nikatokwa jasho kwa koti. Nikakumbuka yule mzee wa Bungoma na ngazi zake. Nikatafuta ngazi ya kwanza, sikuiona. Nikafikiria ule mstari wa siala, siku ya mvua nyembamba, mimi na mzee tumeinama. Na miche iko pale, mibichi, imefungwa kwa majani ya ndizi, maji yanadondoka. Miaka yote sikuwa nimejiuliza. Mzee alikuwa na mimi tangu asubuhi. Shemeji alikuwa kwa kisiagi. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki ile.

"Mama," nikasema kwa dirisha, "miche ya siala iliyo kando ya shamba langu, ni nani aliibeba?"

Karani akageuza. Nikasikia leso inasogea.

"Ni mimi," akasema.

"Uliitoa wapi?"

"Kijitoni. Niliibeba kwa kichwa."

"Na ulipoifikisha, uliondoka?"

Wakili akakohoa. Nikajua shemeji yuko kwenye kiti chake upande wa kulia, kwa kuwa nilikuwa namsikia anavyopumua, pumzi ya mtu wa kisiagi, ina unga ndani yake.

"Sikuweza kuondoka," mama akasema, na sasa alikuwa anasema polepole, karani anamfuata. "Nilikuwa nimetua miche nikasikia mkwe anakuja na baba ya watoto. Njia ilikuwa moja. Nikaingia kwa mahindi nikachuchumaa. Walipanda kutoka barabarani mpaka kijitoni, na mimi niko kwa mahindi. Mvua ilininyeshea yote. Ningetoka, angeniona."

"Ukiwa huko kwa mahindi, mama, uliona nini?"

"Wote wawili niliwaona. Niliona kila mti ukiingia."

"Na mzee alisema nini?"

Akasema, na hili karani hakuligeuza haraka, alingoja kwanza: "Alisema, 'Huku ni kwangu, huku ni kwako, na atakayeng'oa mmoja wa hii miti ameng'oa kidole changu.' Nilisikia. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kila mtu anauliza kama nilikaa. Sikukaa. Nilichuchumaa."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alikuwa anaandika, nilisikia kalamu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa dirisha. Nilitaka kumshukuru, na hilo nalo sikujua linapita njia gani, maana aliyekuwa akiyapitisha maneno yetu ni yule yule aliyenishtaki.

"Sina swali lingine, Mheshimiwa," nikasema.

Nikasikia kiti kinasukumwa, upande wa kulia. Wakili akanong'ona kitu. Mama akaita, hakuita jina, aliita vile mama anamwita mtoto wake wa kwanza, mara moja tu. Hatua zikapita nyuma yangu, karibu sana, na kwa dakika moja nilifikiri atanigusa bega, atasema mambo ya koti. Hatua zikaendelea mpaka mlangoni.

Kesi ile iliitwa tena baadaye, siku ile tuliyopangiwa, na siku nyingine, jina la shemeji likaitwa koridoni mara tatu kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyejibu, mpaka hakimu akaifunga. Mwenye petroli alijenga kwingine. Wengine husema shemeji alionekana ng'ambo ya mpaka, Uganda, anavuta mkanda wa kisiagi cha mtu. Wengine husema Bungoma. Mama yake ninampelekea unga, naweka mlangoni nageuka, na yeye anangoja nifike kwenye siala ndipo afungue. Siku moja niliacha unga mzito makusudi. Hakuna aliyekuja kunitukana.

Lakini siku hiyo ya korti, kwa sababu nilikuwa nimeangalia dirisha na wengine wote wameangalia mbele, ni mimi peke yangu niliyemwona shemeji. Alitoka mlangoni akasimama juani, akakunja mikono ya shati, hivi na hivi, kama asubuhi zote za kazi. Akapita kando ya gari la polisi. Akachukua njia ya mjini, ile inayoshuka kwa gereji ya zamani ya Kalasinga, anatembea kama mtu anayejua saa ya kufungua kisiagi imefika, na alipofika kwenye kona hakugeuka nyuma, akaenda.